Mfarishi wa Navoneiwa

Kitambaa dhaifu hushonwa katikati. Mmeisikia mchana huu ikisemwa mbele ya watu wazima, wanangu, nanyi mkanigeukia kama watu wanaosubiri chungu kiive. Wengi hudhani ni methali ya mafundi tu. Sivyo. Methali hii ilianza hivi: ilianza kwa swali la jirani, na jirani mwenyewe hakuwa na nia ya kuzaa methali. Alikuwa amekuja kuomba kaa la moto.

Jirani huyo aliitwa Mama Sefania, mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuuliza. Alimkuta Navoneiwa ameketi mkekani karibu na mlango, penye mwanga, ametandaza mapajani mfarishi aliokuwa akiushona, yaani lile blanketi la viraka ambalo watu wa milimani hujifunika wakati wa baridi. Mama Sefania akasimama na kigae chake mkononi, akautazama mfarishi kutoka pindo hadi pindo, kisha akauliza:

"Mama Eli, macho yameanza kukuaga? Mbona kile kitambaa kibovu umekiweka katikati, na vizuri vyote umevipeleka pembeni?"

Navoneiwa alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao. Hakuwa mtu wa kujibu upesi.

Katika milima ya Upare, kwenye kijiji cha Kirore, baridi ya mwezi wa saba haina mzaha. Ukungu hupanda kutoka bondeni ukaingia mpaka jikoni, na asiye na cha kujifunika hukumbatia magoti yake mpaka jogoo awike. Navoneiwa alikuwa mjane. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la mteremkoni na mwana mmoja wa kiume, Elinihaki. Alimwachia pia wifi yake, Nakundwa, dada wa marehemu, ambaye hakuolewa kwa sababu ya kifafa kilichomwanza akiwa mtu mzima. Watatu hao ndio waliokuwa nyumba.

Blanketi la dukani halikuwa la watu kama yeye, basi alishona mifarishi. Mzee Kiondo, fundi cherehani wa gulioni, alimwekea vipande vya sare za shule vinavyobaki baada ya kukata. Kwenye mitumba hakugombea nguo nzuri kama wenzake. Aliinamia rundo la mwisho, lile ambalo muuzaji mwenyewe ameshalikatia tamaa, akaibuka na koti lisilo na mikono, suruali ya jinzi iliyoliwa magotini, shati la kiume ambalo kola imekwisha lakini mgongo bado mzima. Nyumbani alifumua mishono kwa wembe, akafua kila kitu kwa maji ya moto, akaanika. Na kabla ya kushika sindano alifanya jambo ambalo hakuliruka kamwe. Alichukua kila kipande, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakivuta huku na huku kwa vidole ili aijue nguvu yake. Akivuta, alikuwa akisema polepole, "Bwana, nionyeshe." Watoto wa mtaani walimcheka, wakasema mama huyu anayaombea matambara.

Sasa akamwambia Mama Sefania kwamba macho yake yapo, na kwamba kosa hilo la kuweka vizuri katikati alikwisha kulifanya zamani. Mfarishi wake wa kwanza aliupamba katikati kwa kitenge kipya cha kupendeza, na vile vilivyochakaa akavisukuma pembeni visionekane. Haukumaliza baridi ya kwanza. Mapindo yalikwenda, mshono ukafuata mapindo, na mwishowe kile kitenge cha kujivunia kikabaki kinaning'inia peke yake kama ulimi wa ng'ombe.

"Mtu akilala anavuta nini?" akasema Navoneiwa. "Anavuta pindo. Kila usiku, kila anayegeuka, ni pindo. Basi pindoni naweka jinzi na kaki na migongo ya makoti. Kilicho dhaifu nakitia katikati, wenzake wakishike pande zote nne. Pale hakuna mkono unaokivuta."

Mama Sefania akacheka. "Haya bwana. Basi na mimi nikizeeka, mwanangu anishone katikati ya nyumba yake. Nisije nikawekwa pindoni nikachanwa na baridi."

Akachukua kaa lake la moto, akaenda zake. Navoneiwa naye alikuwa amecheka kidogo. Lakini jirani alipokwisha kuupita ua wa miti ya masale, sindano ilimsimama mkononi, akabaki ameushika mfarishi bila kuushona.

Sababu ya kusimama kwa sindano ilikuwa chini ya mteremko, na kutoka mlangoni aliweza kuiona. Ilikuwa kibanda kipya cha fito na udongo, mwisho kabisa wa shamba, pale msitu unapoanzia na nyani wanapotokea. Elinihaki alikuwa amekijenga kwa mikono yake. Alisema ni cha shangazi. Shangazi atapata utulivu huko, na mahindi yatapata mlinzi.

Msimdhanie Elinihaki kuwa mwana mbaya. Alimchotea mama yake maji bila kutumwa, na paa likivuja alipanda kabla mvua haijakatika. Lakini alikuwa na hofu. Alikuwa amekwisha kuposa mara moja, na wazazi wa binti walikuja kanisani Kirore siku ambayo Nakundwa alianguka kati ya viti, povu mdomoni, wimbo ukakatika. Posa ile ikarudi bila maelezo. Sasa alikuwa amepata mchumba mwingine, binti wa ng'ambo ya mlima, naye alimpenda kwa moyo wote. Wakwe walikuwa wamesema watakuja kuiona nyumba maharage yakishavunwa. Baba yake mdogo akamshauri: wakwe huangalia damu, usiwaonyeshe cha kuwatisha. Ndipo kibanda kikajengwa.

Nakundwa mwenyewe alikubali. Alisema, "Nitakaa huko, wifi. Nisije nikamharibia mtoto." Na Navoneiwa alipoulizwa na mwanawe, aliinamisha kichwa akaendelea kuchagua mchele. Alikuwa mjane, shamba lilikuwa la ukoo, na mwanawe ndiye mwanamume wa nyumba. Ukimya wake ukachukuliwa kuwa ndiyo.

Sasa, mfarishi ukiwa mapajani, aliwaza mambo ambayo siku zote alikuwa akiyapita pembeni. Ndani ya nyumba, Nakundwa akianguka, hapakosi mtu wa kusikia kishindo. Mmoja humgeuza ubavu, mwingine huvuta vijinga vya moto mbali na mikono yake. Kule chini atakuwa na mafiga yake, moto wake, na nyani. Na huo mfarishi anaoushona, ulikuwa wa nani? Wa kitanda cha bwana harusi. Aliomba, kama desturi yake, akitaraji aonyeshwe la kufanya. Hakupata jibu jingine ila lile ambalo kinywa chake kilikuwa kimekwisha kumpa jirani.

Akaumaliza mfarishi.

Asubuhi ya kuhama ilipofika, Elinihaki alijitia ngata kichwani, akakiinua kitanda cha shangazi yake, akashuka nacho hadi kibandani. Nakundwa alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alikaa jikoni kwenye kigoda, kifurushi cha nguo magotini, kama msafiri anayengoja gari. Kijana aliporudi kumchukua yeye na sanduku lake, aliitupa ngata karibu na mwimo wa mlango, akajifuta jasho. Akamkuta mama yake ameutandaza mfarishi juu ya meza.

"Eli, njoo kwanza uone kitu chako."

Akaja, akausifu. Akaupapasa kwa kiganja, akataja vitambaa anavyovijua: hii ilikuwa suruali yangu, hii ni sare ya shule. Kisha jicho lake likaanguka katikati, kwenye kitambaa kilichopauka, chembamba kama utando wa buibui.

"Mama, na hiki je? Wageni wakiingia, ndicho watakachokiona kwanza."

"Ndicho watakachokiona kwanza," mama yake akakubali. "Shika pindo, uvute."

Akavuta, kwa mikono ile ya jembe. Pindo halikutoa hata sauti.

"Sasa vuta hicho cha katikati."

Elinihaki akapeleka vidole, akakigusa, akakiona kinavyolegea chini ya kucha zake. Akaurudisha mkono. "Kitachanika."

"Kitachanika kikivutwa. Ndiyo maana nimekiweka pasipovutwa. Ningekitia pindoni kisingefika Krismasi. Na kikitoka pindoni, baba, hakitoki peke yake. Uzi ni mmoja."

Kijana alisema kwamba, kama ni hivyo, kingeachwa kabisa, kwani kapu la vitambaa lilikuwa limejaa. Mama yake akamwambia akitazame vizuri. Akainama. Palikuwa na maua, zamani yalikuwa ya kijani, na kwenye ukingo herufi za maandishi ya kanga zilizofutika zisisomeke.

"Ni kanga."

"Ni mbeleko. Ni yako."

"Ulinibeba kwa hii?"

"Si mimi," akasema Navoneiwa. "Nilipokuzaa, miguu yangu haikunibeba mpaka ulipoota meno. Aliyekubeba ni yule aliyekaa jikoni na kifurushi magotini. Alikuwa mzima wakati ule, ana mgongo kama wa mwanamume. Alikubeba shambani, akakubeba mtoni, akakubeba kanisani ukalilia sadaka ya watu. Nilipopona nikasema sasa nipe mtoto, ukang'ang'ania nguo yake kwa mikono miwili. Mbeleko hii haikuchakaa yenyewe, Eli. Ni uzito wako ulioimaliza."

Elinihaki hakuinua uso. Jikoni, Nakundwa alikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu asiyetaka kusikika. Kijana aliposema tena, alisema kwa sauti ya chini, naye alisema lile ambalo siku zote lilikuwa chini ya maneno mengine.

"Na wakwe wakimwona, mama? Wakirudi kama wale wa kwanza?"

"Wakirudi, watakuwa wamerudi wametuona tulivyo. Wakikaa, watakuwa wamekaa na sisi, si na nyumba iliyofagiliwa watu." Akaunyoosha ukingo wa mfarishi. "Ulipoanza kukijenga kile kibanda mimi nilinyamaza, nawe ukauchukua ukimya wangu. Hukukosea kuuchukua. Leo nasema."

Akaweka kiganja chake juu ya kile kitambaa cha kijani, bila kukikandamiza.

"Kitambaa dhaifu hushonwa katikati. Katika nyumba hii sijui kushona vingine."

Ndipo sauti ya Nakundwa ikaja kutoka jikoni, tulivu, ya mtu anayesaidia kazi isichelewe. "Eli, baba, mimi niko tayari. Tushuke kabla ukungu haujapanda."

Mama Sefania, aliyekuwa akipalilia maharage yake upande wa pili wa masale, ndiye aliyeyasikia hayo na kuyaona yaliyofuata, na ndiye aliyeyachukua maneno ya siku ile akayapeleka mtoni, na gulioni, na ng'ambo ya mlima hata kwa wale wakwe kabla hawajafika. Tangu hapo, mtu wa Kirore akisikia kwamba mgonjwa, au yatima, au mzee aliyeishiwa nguvu anatafutiwa mahali pa pembeni ili macho ya watu yasimkute, hasemi mengi. Husema hayo tu: kitambaa dhaifu hushonwa katikati.

Naye Elinihaki, aliyeambiwa kwanza, alisogea mezani. Akaukunja mfarishi taratibu, kile kitambaa cha katikati kikabaki ndani ya mikunjo yote, akaenda jikoni akauweka juu ya magoti ya shangazi yake, juu ya kifurushi. Kisha akaiokota ngata pale mlangoni, akaitia kichwani, akatoka, akashuka peke yake kukifuata kitanda akirudishe nyumbani.