Bao la Mkono wa Kulia

Hii nimeletewa na mtu, naye kaletewa na mwingine, na mimi nakupa kama nilivyoipata. Kama una mgonjwa nyumbani, isome mara mbili.

Katika mji mmoja mdogo kando ya reli alikuwako fundi seremala aitwaye Kibwana. Nusu ya milango ya mji ule ilitoka mikononi mwake, na mwenyewe hakuacha mtu asahau jambo hilo. Akienda kwa mtu, kabla ya kupiga hodi hupapasa fremu kwanza.

Lakini raha ya Kibwana haikuwa mbao. Raha yake ilikuwa bao. Kila alasiri alikwenda nyuma ya kinu cha kukoboa mpunga, walipokutana wacheza bao. Wengi walikuja na kuondoka, ila wawili walikuwa hawakosi: Dihenga, muuza nazi, mtu mpole ambaye hata akikufunga anakuomba radhi, na Mhando, mstaafu wa reli, mwenye ulimi usio na breki. Kibwana na Mhando walikuwa watani wa kabila, na utani wao haukujua siku ya mapumziko. Kibwana ndiye aliyekuwa bingwa, na Mhando alikuwa amefungwa naye mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbushwa.

Siku moja pale karakana, ubao wa mninga uliruka kwenye mashine ya msumeno ukamvuta Kibwana mkono wa kulia. Alipokuja kutanabahi, kiganja kilikuwa wazi. Vidole vyote vilikuwapo, lakini vitatu akiviamuru havisikii.

Hospitalini daktari alimwambia bila kuzunguka. "Kano za vidole zimekatika. Tutakupasua tuziunganishe. Zikishika, utakunja vidole. Zisiposhika, basi."

"Basi nini, daktari?"

"Mkono utakuwa nao. Wa kazi ndio hutakuwa nao."

Asubuhi ya upasuaji Kibwana alikuwa kitandani, mkewe Mwanahawa amemshika bega, ndipo watu wa bao walipoingia. Dihenga alianza kulia mlangoni. Mhando akamtazama mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Mtani ndiye mzikaji. Kanzu nimeshaipiga pasi. Sasa usije ukaniaibisha kwa kutoka mzima."

Kibwana akacheka, na walipomsukuma kuingia chumba cha upasuaji alikuwa bado anacheka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Balaa lilikuja baadaye, siku bandeji ilipotoka.

"Mimi nimemaliza," daktari akamwambia. "Kazi iliyobaki ni yako. Kano zikigandana na nyama kabla hujazizoesha, vidole hivi vitabaki vimenyooka hivihivi, na sina kisu cha kuvirudisha." Dada wa mazoezi akampa kampira laini, akamwonyesha namna ya kukaminya kila siku.

Alipofika nyumbani Kibwana alikaminya mara moja tu. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Akakaweka juu ya kabati, na kampira kakakaa huko kakishika vumbi.

Tena si maumivu peke yake yaliyomvunja. Ulikuwa mkono wa kushoto. Tangu utotoni alifunzwa kwamba mkono wa kulia ndio wa kula, wa kupokea na wa kupeana. Sasa alikula kwa kijiko, kwa kushoto, peke yake chumbani, mlango umefungwa. Mtu akija kumjulia hali, hajui ampe mkono gani.

"Baba Tausi, wageni wako barazani," Mwanahawa anamwambia.

"Waambie nimelala."

"Wamekuona ukipita."

"Basi waambie nimelala baada ya kupita."

Ni Dihenga aliyemtoa. Alikuja na ubao wa bao kichwani mpaka barazani kwa Kibwana, akautua, akakataa kuondoka.

"Nitacheza kwa mkono upi?" Kibwana akamuuliza.

"Wewe kaa tu, ndugu yangu. Utanionyesha shimo kwa kidevu, kete nitakusogezea mimi."

Ikawa hivyo. Dihenga alicheza zamu yake, kisha akacheza na zamu ya mwenzake, na Kibwana alinyoosha kidevu huku mkono wake umelala pajani chini ya kitambaa. Mwanahawa alileta kahawa. Aliposikia sauti ya mumewe barazani alimshukuru Mungu, na kila jirani aliyepita alisema Dihenga ni mtu wa peponi.

Kibwana naye alifurahi, lakini kulikuwa na jambo alilolificha. Kila asubuhi akijaribu kufunga kifungo cha shati, vidole vilikuwa vigumu kuliko jana. Aliogopa, na kwa kuogopa akaacha kujaribu.

Siku hizo Mhando alikuwa kwao shamba, amekwenda kwenye mavuno. Aliporudi alikuja moja kwa moja barazani. Akasimama anawaangalia, mmoja ananyoosha kidevu, mwingine anasogeza kete.

"Nani wanacheza hapa?" akauliza.

"Mimi na Kibwana," Dihenga akajibu.

"Mimi namwona mchezaji mmoja." Akamgusa Dihenga bega ampishe, akakaa. "Bao ninalolijua mimi linachezwa kwa mkono wa kulia. Kete unaishika mwenyewe. Ikianguka, unaiokota mwenyewe."

"Mhando, huuoni mkono huu?"

"Nauona. Na wewe unauona?"

Kibwana akapandwa na hasira. Akakitupa kitambaa kando, akaingiza mkono shimoni, akaanza kuzitoa kete kwa kidole gumba na cha shahada, moja baada ya nyingine, huku kile cha kati kinavutwa nyuma kwa maumivu. Kete moja ikaanguka sakafuni. Dihenga akainama upesi kumwokotea, lakini Mhando alikuwa ameshaikanyaga.

"Mwache," akasema. Kisha akauondoa mguu, akangoja.

Ilimchukua Kibwana muda mrefu kuiokota kete ile. Alipoinuka, jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na Mhando alikuwa anapiga miayo.

"Treni ya mizigo ilikuwa inapita hapa haraka kuliko wewe," akasema.

Tangu siku hiyo ikawa vita. Mhando alikuja kila alasiri, na uchezaji wake ulikuwa wa ajabu. Kila Kibwana akiutazama ubao, hakuna pa kula, yaani pa kuziteka kete za mwenzake. Na anayecheza bao anajua: ukikosa cha kula, huna budi kutakata, yaani kuzizungusha kete zako upande wako mwenyewe, shimo hadi shimo, mpaka ya mwisho ilale kwenye shimo tupu. Basi Kibwana alizungusha. Akifika mwisho anakuta shimo lina kete, azikusanye zote, aanze tena. Mhando mwenyewe akicheza alikuwa anagusa ubao kidogo tu, kisha anakunja mikono na kumtazama mwenzake akihangaika.

Maneno yakaenea mtaani. Wakasema Mhando analipiza kisasi cha kufungwa miaka yote ile, kamsubiri bingwa avunjike mkono ndipo amkomoe. Majirani wakaacha kumwitikia salamu. Mwanahawa akaanza kuleta vikombe viwili vya kahawa badala ya vitatu.

"Shemeji, kahawa imekwisha?" Mhando akamuuliza.

"Kwa wengine imekwisha."

Mhando akatikisa kichwa, akaendelea kucheza na koo kavu.

Kibwana naye aliamini kisasi. Siku nyingine alitaka amfungie mlango, lakini kumkimbia Mhando alikuona ni aibu kubwa kuliko maumivu. Akawa asubuhi, kabla watu hawajapita, anamwaga kete mkekani na kuziokota moja moja, ili alasiri ile asimpe mtani wake cha kucheka. Aliziokota huku anamlaani. Kampira kalikuwa bado kako juu ya kabati.

Ikafika siku ya kuamkia kurudi kwa daktari. Kesho yake mkono ungepimwa, na Kibwana angeambiwa kama atashika randa tena au hatashika. Tangu bandeji itoke hajawahi kujaribu kukunja ngumi. Aliogopa kujua. Moyo wake haukuwa pale barazani, na Mhando alimzungusha siku hiyo kuliko siku zote, zamu juu ya zamu. Kete ikamponyoka.

"Okota," Mhando akasema.

Kibwana akaegemeza mgongo ukutani. Alikuwa amechoka.

"Okota. Au nimwite mkeo aje akulishe?"

Mwanahawa, aliyekuwa anatoka na sinia, akasimama mlangoni. Dihenga akasema polepole, "Mhando, hapo umepita mpaka."

Kibwana akasikia damu inampanda. Siri yake ya chumbani, kijiko, mlango uliofungwa, yote mtu huyu kayamwaga mbele ya watu. Akauzamisha mkono wa kulia ndani ya shimo lililojaa, akakumba kete zote, akainuka na kuuinua mkono juu ili ammwagie Mhando usoni.

Mhando hakukwepa. Wala hakuwa anamtazama Kibwana usoni. Alikuwa anautazama mkono.

"Rusha," akasema. "Rusha, nimestahili. Lakini kabla hujarusha, tazama umeshika nini."

Kibwana akatazama.

Ngumi ilikuwa imefungwa. Kidole cha mwisho kilisimama pembeni, kimekataa, lakini vingine vyote vilikuwa vimezikumbatia kete, na hakuna hata moja iliyoanguka. Akataka kuifungua, akaifungua. Akaifunga tena. Kete zikalialia ndani ya kiganja.

Akakaa chini. Machozi yakamtoka, naye hakujali nani anamwona.

Dihenga ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa ameinamia ubao, anautazama kwa jicho la mchezaji. "Mhando," akasema, "siku zote hizi ungeweza kummaliza mapema. Ulikuwa unamzibia asile makusudi, ili azunguke."

Mhando akajifuta uso kwa kofia yake. "Siku niliyorudi, nilipotoka hapa nilikwenda hospitalini kwa yule dada wa mazoezi. Nilichukua kete mfukoni nikamwonyesha. Nikamuuliza, mtu wangu akiziokota hizi na kuziachia, itamfaa? Akasema itamfaa sana, mradi asibebe kizito, na aendelee hata kama inauma kidogo. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?" Kibwana akauliza.

"Ningekwambia ni dawa, ungeiweka juu ya kabati." Akakohoa. "Nakujua, Kibwana. Dawa utaikimbia. Mimi huwezi kunikimbia."

"Na lile neno la leo? La kulishwa?"

Mhando akainamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Lile lilikuwa la hofu. Kesho unakwenda kwa daktari, na mimi sijakuona ukikunja ngumi hata mara moja. Unisamehe lile. Mengine yote nitayarudia."

Mwanahawa alikuwa bado kasimama mlangoni na sinia lake lenye vikombe viwili. Akageuka akaingia ndani. Alipotoka tena, vikombe vilikuwa vitatu, na alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga.

Akainama ampe Mhando chake. Kibwana akamzuia.

"Lete. Nitampa mimi."

Akakishika kikombe kwa mkono wa kulia. Kahawa ilikuwa ya moto na mkono ulikuwa unatikisika, na safari kutoka sinia mpaka kwa Mhando ilikuwa fupi lakini wote waliiona ndefu. Dihenga alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha mwenyewe.

Kikombe kikafika. Mhando akakipokea kwa mkono wa kulia.

"Umemwaga nusu," akasema.

"Iliyobaki inakutosha. Kunywa, kisha ukae vizuri. Leo natafuta pa kula."

Kesho yake daktari aliukunja mkono ule, akaukunjua, akauliza ni mazoezi gani aliyofanya. Kidole cha mwisho hakijakunjika mpaka leo. Lakini milango ya mji ule bado inatoka kwa Kibwana, na ukimtembelea kwake atakupa mkono wa kulia, halafu atakuuliza kama unajua bao.

Funzo: Ukiumia, usijifungie mbali na wenzako wa mchezo. Anayekuokotea kila kinachoanguka anakupenda, lakini mshukuru zaidi anayekaa akakungoja uokote mwenyewe.