Seneta Mwakesi na Mgonjwa wa Mlimani

Seneta Mwakesi alitua kijijini kwa helikopta kuomba kura tena. "Barabara niliyowaahidi imekamilika!" alijigamba. "Nipeni miaka mitano mingine!"

Mara Mkamburi, muuza kabichi, akaanguka chini ameshika tumbo.

"Apelekwe hospitali!" watu wakapiga kelele. "Mheshimiwa, helikopta!"

Seneta angekataaje mbele ya wapiga kura? Mkamburi akapaa nayo, seneta akashuka mlima kwa trekta la kijiji.

Jioni helikopta ilipokuwa ikirudi, ilimkuta njiani, tope hadi magotini, akilisukuma trekta. Ikatua kando, na Mkamburi akateremka mzima kama kigongo.

"Kumbe huumwi!" seneta akafoka.

"Mimi? Mgonjwa wetu ni hii barabara, Mheshimiwa. Asante kwa kuja kumwona."