Mtoto wa Mize Aitwe Nani?

Sogeeni, na anayetaka kupiga soga akae nje. Kesi hii imenichosha, leo nawatwika nyinyi.

Walikuwapo wanawake watatu. Saumu alikuwa na macho yasiyosahau kitu. Daktari Nyange alikuwa na mkono usiotetemeka. Daktari Mwatumu alijua kusoma vipande vya nyama kwenye hadubini.

Mize, mwimbaji wa harusi pale Pangani, alikwenda kutibiwa kinundu cha ulimini akiwa mjamzito. Hospitali ya kwanza wakabandua kinyama cha juujuu, wakasema ni saratani, nusu ya ulimi ikatwe. Mize akalia: "Mwimbaji bila ulimi ni nani?"

Aliyezuia ni Saumu, mke mwenza wake, na walikuwa hawapikiki chungu kimoja. "Kinundu hiki nilikiona mwaka juzi, uliponicheka mdomo wazi," alisema. "Hakijaongezeka hata kidogo. Saratani gani hii inayokaa kitako?" Akamkokota hadi kwa Nyange.

Nyange alisoma majibu, akakasirika. "Wamekwangua juu tu!" Angeweza kukata na asilaumiwe na mtu. Badala yake akachukua kipande cha ndani, akampelekea Mwatumu.

Wenzake Mwatumu walichungulia, wakasema saratani ileile. Yeye akakataa kutia saini. Akatazama tena na tena, macho yakamuuma. "Ngozi ya juu inatudanganya," alisema. "Chini yake seli zimejaa punjepunje. Huu ni uvimbe adimu, wala hauna ubaya." Nyange akakitoa kinundu chenyewe tu, ulimi ukabaki.

Mize akajifungua binti. Kwao, mtoto wa kike hupewa jina la aliyemfaa mama yake, na huyo ndiye huwa somo wake, wa kumfunda mpaka aolewe. Somo ni mmoja tu. Siku ya jina ikafika, na wote watatu wakaja.

"Bila macho yangu, mngemjulia wapi?" akasema Saumu.

"Bila kisu changu, Mwatumu angetazama nini?" akasema Nyange.

"Na bila jibu langu, wewe si ungeukata ulimi?" Mwatumu akamrudishia.

Wakazozana mpaka mtoto akaamka. Mize akapiga kofi sakafuni kwa hasira.

"Jamani! Ulimi mmeniokolea, sasa mmeninyima la kusema!"

Wageni wanasubiri, ubwabwa unapoa, na mtoto hana jina. Haya, wewe uliyenyamaza hapo: ungemwita nani?