Tangi la Sultani Fakii

Palikuwa na sultani mmoja, Fakii jina lake, tumbo kubwa na masikio madogo. Mji wake ulikaa chini ya mlima wa moto, na ardhi ya pale ilikuwa haiishi kutetemeka. Basi Fakii akajengesha tangi la chuma juu ya miguu minne mirefu, katikati ya soko, akaamuru wanawake wote wachote maji chini yake. Visima vya zamani akavifukia. Wanawake wakagoma, maana mwezi uliopita tu tetemeko lilikuwa limelaza ukuta wa ghala.

Sultani akamwita Bi Zafarani, mjane aliyeurithi uhunzi wa mumewe. Akamwamuru alipime tangi, kisha awatangazie watu kuwa litastahimili. Akikaidi, atang'olewa ulimi.

Bi Zafarani hakulitazama tangi. Alichuchumaa, akatazama miguu. Kila mguu ulishikizwa kwenye jiwe kwa msumari mmoja, mwembamba kama kidole cha mtoto. Dada yake alikuwa mchota maji.

Sultani akamcheka. "Wenzako hutazama kichwa, wewe watazama nyayo?"

"Chuma kigumu hakipindi, Maulana. Ardhi ikiruka, nacho huruka kizimakizima. Kazi yote ni ya nyayo."

Akaomba ng'ombe wawili walivute tangi ubavuni kwa kamba, aone kama misumari itashika au itang'oka. Sultani akakataa, chuma chake, alisema, hakivutwi na mifugo.

"Tangi langu zito. Nani wa kulisukuma?"

"Zito ndilo linaloponda, Maulana."

"Nimesema utangaze."

Bi Zafarani akawageukia watu, akatangaza kuwa tangi litasimama. Tena, akaongeza, sultani ana yakini nalo hivi kwamba kuanzia leo ataketi barazani chini yake, asubuhi hadi jioni. Vigelegele vikapigwa. Zulia likatandikwa, kiti kikaletwa.

Fakii akapiga hatua mbili. Akatazama juu. Akatazama misumari. Akarudi kinyumenyume hadi kwa mhunzi, akamnong'oneza, "Mwanamke, mimi roho yangu ni moja."

Bi Zafarani akamjibu kwa sauti iliyofika mwisho wa soko, "Kumbe. Na hawa wachota maji, Maulana, ulidhani kila mmoja anazo ngapi?"