Radi ya Bwana Kidelo

Pale kijiweni Korogwe, hakuna aliyekuwa na kadi za mchezo wa kurushiana uchawi za bei mbaya kama Bwana Kidelo, na kwa wema wake alizitumia kuwanyang'anya wenzake za kwao. Siku hiyo akamgeukia Semeni, ambaye kadi zake zilikuwa zimechakaa kuliko za wote.

"Anayeshindwa anaacha kadi zake zote. Unaogopa?"

"Niogope nini, bosi? Kunyang'anywa na mtu mkubwa kama wewe ni heshima."

Mchezo ulipokolea, Kidelo alishika kadi ya Radi, uchawi unaomuua mchezoni yeyote atakayetajwa. Akasita.

"Una kadi ya kuzuia Radi?"

"Sina, bosi. Haki ya Mungu."

Kidelo akaibwaga mezani. "Namtaja Semeni!"

Semeni akaweka juu yake kadi iliyokunjika pembe, kadi ya kuiga uchawi wa mwenzako. "Naiiga Radi. Namtaja Kidelo."

"Umeapa huwezi kuizuia!"

"Sijaizuia, bosi, inakuja. Ila juzi, ulipomnyang'anya Chambo kadi zake, ulipiga meza ukatufundisha kwamba nakala hupiga kwanza, na aliyeiga humtaja amtakaye. Umeshakufa, na aliyekufa harushi radi. Haya, marehemu, nisogezee kadi."