Mama Digidigi na Sufuria ya Kambini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyua za kufagia na kamba za kuanikia nguo, palikuwa na Mama Digidigi na binti yake, Njiti. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, wenzako wasikie.

Njiti alikuwa skauti. Wiki ile aliifua skafu yake ya kijani mara tatu, maana Ijumaa watoto wote wa kikundi wangekwenda kupiga kambi pamoja na wazazi wao, walale siku mbili juu ya Kilima cha Mawe. Njiti hakuwa amewahi kulala nje ya kwao. Kila asubuhi alimuuliza mama yake, "Zimebaki siku ngapi?" Na kila asubuhi mama yake alimhesabia kwa kugonga kwato chini: ko, ko, ko.

Basi Jumatano wazazi wakaitwa kikaoni kugawana mizigo. Kiongozi wa kikundi alikuwa Mwalimu Mbuni, mpole sana, mwenye shingo ndefu na sauti ndogo. Lakini sauti ndogo itafika wapi mahali alipo Bwana Tembo?

"Haki ni haki," alisema Bwana Tembo. "Kila kaya mzigo mmoja. Asiyebeba wake, yeye na mtoto wake wabaki nyumbani. Na mzigo ukishafungwa na kukaguliwa, haufunguliwi mpaka kambini, tusije tukapotezeana vitu."

"Sawasawa kabisa," alisema Bwana Kiboko, na hapo alikuwa ameshaikalia mikeka, asije mwingine akaichukua.

Tembo akachagua mahema. Wengine wakachukua unga, maharage, ndoo. Mwisho ikabaki sufuria ya ubwabwa, ile nzito ya chuma, ambayo Njiti angeweza kuogea humo na kujigeuza.

"Hiyo ndiyo yako, Mama Digidigi," alisema Tembo.

"Bwana Tembo, hebu itazame miguu yangu."

"Nimeitazama. Minne, kama yangu."

Watu wazima wakacheka. Mama Digidigi hakucheka. Akajibu tu, "Nimesikia, bwana," akaondoka. Nanyi mnajua, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya pili mizigo yote ikapangwa uwanjani, kila kaya na fungu lake, ili ifungwe kamba na kukaguliwa alasiri. Mama Digidigi akajaribu kuitia sufuria mgongoni. Ngo! Ikamwangusha. Akainuka, akajaribu tena. Ngo! Ikamlalia mkia.

Njiti akavua skafu yake, akaikunja vizuri.

"Mama, tusiende. Mimi sitaki tena kambi."

Jamani, mtoto akisema hataki kitu alichokihesabia siku, mzazi hupona? Mama Digidigi akamvisha skafu ile tena, akaikaza shingoni.

"Kaa kimya kidogo," alisema. "Nafikiri."

Pembeni yao Bwana Tembo alikuwa akihangaika na mahema yake. Alishayakunja mwenyewe tangu nyumbani, ila kufunga kulimshinda. Mkonga ni hodari wa kung'oa miti, lakini mbele ya fundo ni kama kidole gumba kwenye tundu la sindano. Mwalimu Mbuni akapita, akalitazama fundo lake, akatikisa kichwa.

"Hili litafunguka njiani, Bwana Tembo. Halipiti."

Mama Digidigi akasogea. Alipokaribia mahema, pua yake ikanusa kitu. Ndizi. Ndizi mbivu, nyingi, katikati ya mahema ya kikundi! Kumbe ndiyo maana alitaka mzigo usifunguliwe mpaka kambini.

Hilo hakulisema. Akasema lingine.

"Bwana Tembo, watoto leo wanatahiniwa mafundo. Mwache Njiti akufungie, apate alama zake. Tena nitakuwekea turubai juu, mvua isije ikalowesha mahema."

Tembo akamtazama kwa jicho la pembeni. "Mtafunga juu tu? Hamtafungua ndani?"

"Tufungue ndani kutafuta nini, bwana?"

"Basi fungeni. Mimi jua hili limenichosha, nakwenda kwenye matope."

Mchana ule kila mtu alikuwa ameingia kivulini. Mama na binti wakailaza sufuria ubavu, wakaibingirisha taratibu: kwaru, kwaru, kwaru. Wakaielekeza mdomo kwenye mahema, wakasukuma mpaka sufuria ikameza kichwa cha mzigo. Wakafunika turubai. Njiti akafunga kamba: fundo la kwanza, la pili, la tatu, yote ya kukaza kisawasawa. Kisha wakachukua gunia, wakalijaza nyasi kavu mpaka likavimba tumbo, kama lililobeba sufuria.

Alasiri Mwalimu Mbuni akakagua. Akavuta mafundo ya Njiti, hayakutikisika. "Alama zote," alisema. Njiti akapiga saluti.

Lakini Bwana Kiboko alikuwa akilitazama lile gunia. "Huu mzigo wa Mama Digidigi mbona ameuinua upesi hivyo? Tuufungue tuone."

Mama Digidigi akajibu kwa upole. "Tuufungue, bwana. Ila tukifungua wangu, tufungue na ya wote. Tuanzie kwa Bwana Tembo?"

"Hakuna kufungua!" alinguruma Tembo. "Sheria ni sheria!"

Ijumaa asubuhi wakaondoka. Tembo alijipachika mzigo wake mgongoni kwa mkupuo mmoja wa mkonga, akatangulia. Mlimani huko, kila akipiga hatua, ngo... ngo... ngo.

"Nini kinalia?" aliuliza Kiboko, akihema.

"Watoto wapige makofi, tusilale njiani," alisema Mama Digidigi. Watoto wakapiga makofi kwa kufuata mlio uleule, na safari ikanoga.

Walipofika kileleni, Tembo akautua mzigo wake. Njiti akafungua mafundo yake, la kwanza, la pili, la tatu. Sufuria ikabingirika ikasimama miguuni pa Tembo.

"Wewe mama! Umenibebesha sufuria yako!"

"Samahani, bwana. Ulichokea wapi?"

"Sikuchoka."

"Uliona uzito sehemu gani?"

Tembo akajipapasa mgongo kwa mkonga. Kwa kweli hakuona uzito popote.

"Hicho ndicho nilichotaka kukwambia kikaoni," alisema Mama Digidigi. "Kitu ambacho wewe hukukisikia mgongoni, mimi kingenivunja. Na mwanangu angebaki nyumbani."

Tembo alitaka kufoka, lakini mahema nayo yalikuwa yameanza kukunjuka yenyewe. Pu. Pu. Pu. Ndizi zikaanguka moja moja mbele ya watoto wote. Mwalimu Mbuni akainamisha ile shingo yake ndefu, akaokota moja.

"Bwana Tembo, hizi ni za nani?"

Masikio ya Tembo yakalegea. "Za... za watoto, Mwalimu."

Watoto wakala ndizi, wakalala juu ya nyasi kavu za Mama Digidigi, ambazo hakuna mwingine aliyekumbuka kuzileta. Njiti alilala na skafu yake shingoni. Na Jumapili, wakati wa kurudi, hakuna aliyegawa mizigo. Bwana Tembo aliitafuta sufuria mwenyewe.

Kila mtu apewe mzigo kwa kadiri ya mgongo wake.

Nami hadithi yangu naitua hapa. Atakayeibeba, aifunge vizuri.