Mke Aliyeulizia Kuni za Jua

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi wa nyuma, mbona mnaitikia kama mmeshikwa na usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na kijiji chenye chemchemi ya maji ya chumvi. Mtu mmoja alikuwa na wake wawili, mkubwa Nyanjige, mdogo Siwema. Kila mmoja alitengeneza chumvi yake, na kabla ya masika wakulima walikuja kuibadilisha kwa mtama. Asiye na chumvi, watoto wake hawana uji.

Nyanjige alipika. Asubuhi anakata kuni, mchana anachochea, jioni anafuta machozi. Moshi fuu! Chumvi ikatoka ya kijivu. Siwema yeye alimimina maji katika mabakuli mapana juu ya mwamba, akajilalia zake. Jua likawaka waa! waa! Jioni chumvi nyeupe pee.

Wivu ukamshika Nyanjige. Si kwa ajili ya mume. Mume mwenyewe kazi yake ilikuwa kukoroma. Kilichomuuma ni lile jua. Mimi nababuka kwa moto, alisema moyoni, mwenzangu anapikiwa na mbingu, hata kuni moja hakati!

Akaenda kwa Bibi Nyamizi, ambaye hadi leo tunamkumbuka kwa hekima yake. Alikuwa mfupi, sikio moja halisikii, na hakupenda kuulizwa jambo mara mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kuni za jua zitakwisha lini?"

Bibi akafikiri. "Moto mchanga hurukaruka. Moto unaokufa huwa mwekundu, ukatambaa. Jua letu ni jeupe, limetulia. Limekula nusu ya kuni zake. Kabla halijamaliza nusu iliyobaki, milima ile itasagika iwe vumbi."

"Hakuna njia ya kulipunguza?"

"Mjukuu wangu, nani kakuudhi?"

Nyanjige akasema hakuna, akaaga.

Njiani akapata shauri. Jua lisipoisha, litafunikwa. Akabeba kuni zake zote za msimu, akazipanga karibu na mwamba, upande unakotoka upepo. Akatia majani mabichi, akawasha. Fuu! Fuu! Fuu! Moshi mweusi tii. Watu wakakohoa. Mbuzi wakakohoa. Leo fuu, kesho fuu, keshokutwa kuni zikaisha. Upepo ukaupeperusha moshi mbali, na jua likawa pale pale. Chumvi ya Siwema ilichelewa kidogo, ikakauka.

Nyanjige akabaki na vyungu vitupu, na wakulima wako njiani. Akarudi kwa Bibi Nyamizi analia, akaungama yote. Bibi hakumgombeza.

"Siwema alipoanika, jua lilikataa kukuwakia wewe?"

Nyanjige akatikisa kichwa.

"Mwamba ni wake?"

"Ni wa watu wote, bibi."

"Basi nani alikukataza kuanika?"

Hakuna aliyemkataza. Kuanika alikujua tangu mwanzo. Ila kuanika ni kumwiga mke mwenzake, na hilo halikumezeka.

Siku hiyo hiyo akateka maji, akayamimina katika bakuli kando ya mabakuli ya Siwema, akaketi kungoja. Akatazama juu. Na huko juu, jamani, mawingu ya masika yalikuwa yanakutana. Ngu-ngu-ngu! Tone la kwanza likaangukia bakuli lake.

Yule aliyetaka jua life akasimama mwambani, mikono kichwani, akiliomba lisiondoke. Msimu ule watoto wake walikunywa uji wa Siwema. Na kila asubuhi aliyekwenda kuuomba, kibuyu mkononi, alikuwa Nyanjige mwenyewe.

Ndugu zangu, kuni za jua zitatutosha sisi na vitukuu vyetu. Za mwenye wivu huisha upesi, maana huzichoma ili mwenzake akae gizani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa imekolea, rambeni. Ikiwa haikukolea, chumvi mnayo.